Kampuni inanitaka niache kulipa kadi, kanisani wananielekeza kwa mshauri wa madeni: nimsikilize nani?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Fort Worth, Texas, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu watatu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mume wangu anafanya kazi kwenye ghala ambako tangu mwaka jana saa za ziada zimekatwa. Kadi za mkopo tulizichukua kama watu wengi wanavyofanya hapa: ya kwanza ili tujenge alama za mkopo, ya pili kwa sababu duka lilitupunguzia bei ya samani, ya tatu gari lilipoharibika injini. Ya nne niliichukua mimi peke yangu, mama alipofanyiwa upasuaji huko nyumbani Tanga, na mpaka leo mume wangu hajui kwamba ipo.

Kadi zote nne kwa pamoja zina deni la dola 18,400, na riba zake ni kati ya asilimia 26 na 29. Kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini wanachotaka, jumla yake kama dola 610, na deni halishuki. Nyumbani natuma dola 350 kila mwezi, kwa ajili ya dawa za mama na ada za watoto wa marehemu kaka yangu. Hapo sijahesabu michango ya misiba na harusi inayotangazwa kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako orodha ya waliochanga hubandikwa kila jioni na kila mtu huona nani hayumo.

Mwezi uliopita kampuni moja ilinipigia simu ikasema inaweza kufuta karibu nusu ya deni langu. Nilisaini mkataba kwenye simu siku hiyo hiyo. Wakaniambia niache kabisa kulipa kadi, niweke dola 410 kila mwezi kwenye akaunti maalumu, na wao ndio watakaozungumza na benki. Malipo ya kwanza wamekwisha kuyachukua. Sasa benki zimeanza kupiga simu, na mtu mmoja ambaye hakutaka kutaja anakopigia alisema nisipolipa nitakamatwa, jambo lililonikosesha usingizi kwa sababu tunajiandaa kuomba uraia.

Mama mmoja wa kanisani kwetu ananiambia nimeingia pabaya, na kwamba ningekwenda kwa washauri wa madeni wa shirika lisilo la faida, ambao yeye walimsaidia. Mume wangu anasema wote ni wale wale, wanakula pesa za watu waliokwisha kukwama. Shangazi, ushauri wa madeni unasaidia kweli? Na nikienda huko, wataniambia niache kumtumia mama yangu?

Mama wa watatu, Fort Worth

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya yote nakuomba upumue kuhusu lile la kukamatwa. Nchini Marekani hakuna anayefungwa kwa kushindwa kulipa kadi ya mkopo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inawakataza wakusanya madeni kumtisha mtu kwa jela, kadhalika kumpigia kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, na sheria ya Texas nayo inakataza vitisho vya namna hiyo. Mtu anayekutisha huku akikataa kusema anatoka wapi, ama anavunja sheria ama ni tapeli, na kwa vyovyote vile usimpe namba ya akaunti wala ya kitambulisho. Kuhusu uraia, deni la kadi peke yake si kizuizi. Mambo ya fedha yanayoweza kuleta matatizo katika maombi hayo ni kama kodi ya serikali isiyolipwa au matunzo ya watoto yaliyokwepwa, nawe hukutaja lolote kati ya hayo. Ukiwa na wasiwasi zaidi, muulize mwanasheria wa uhamiaji, si wachangiaji wa kundi la WhatsApp.

Sasa swali lenyewe. Mume wako anasema wote ni wale wale, na ninaelewa anakotoa maneno hayo, lakini huduma hizi mbili zilizo mbele yenu hazifanani hata kidogo. Kampuni iliyokupigia inafanya kazi ya kujadili deni lipunguzwe, na njia yake ni kukufanya uache kulipa mpaka benki ikate tamaa na kukubali sehemu tu. Mshauri wa madeni hufanya kinyume chake: hukaa nawe, kwa simu au ana kwa ana, kwa muda wa kama saa nzima, akapitia mapato na matumizi yako yote, na akiona inafaa hukuandalia mpango wa kulipa deni lote kwa riba ndogo katika miaka mitatu hadi mitano. Mazungumzo ya kwanza kwa kawaida hayalipiwi.

Ngoja tuhesabu kwa namba zako mwenyewe. Deni la dola 18,400 kwa riba ya asilimia 28 hivi linazaa riba ya kama dola 430 kila mwezi. Hii ndiyo sababu dola 610 zako hazionekani: zaidi ya theluthi mbili ya pesa hiyo inaishia kwenye riba kabla deni halijaguswa. Chukua taarifa ya kadi ya mwezi uliopita, tafuta mstari unaoonyesha riba iliyotozwa, kisha usome kisanduku kidogo kinachosema itakuchukua miaka mingapi kumaliza ukiendelea kulipa kiwango cha chini. Sheria inailazimu benki kukiandika kisanduku hicho, na wengi wetu hatukisomi.

Katika mpango wa kusimamia madeni, vituo vya ushauri vina makubaliano ya muda mrefu na benki kubwa zinazotoa kadi, na mara nyingi riba hushushwa ikawa chini ya asilimia 10. Tuchukue mfano wa asilimia 8. Deni lako lingelipwa kwa miaka mitano kwa kama dola 373 kila mwezi, na ukiongeza ada ya kituo, ambayo kwa kawaida ni kati ya dola 25 na 50, unafika karibu dola 410. Ndiyo, ni kiasi kile kile ambacho kampuni iliyokupigia simu inakutoza, isipokuwa hapa benki zinapokea pesa kila mwezi na baada ya miaka mitano hudaiwi.

Kwa upande wa kampuni, kadi zinaendelea kuzaa riba na faini wakati wewe unaweka akiba. Deni la 18,400 likikaa mwaka mzima bila malipo kwa riba hiyo linaweza kupita dola 23,000. Kampuni za aina hiyo huchukua ada ya kati ya asilimia 15 na 25 ya deni ulilowakabidhi, maana yake kwako ada peke yake inaweza kufika dola 4,600. Benki haina wajibu wowote wa kukubali punguzo, na inaweza kukupeleka mahakamani wakati wowote katika kipindi hicho. Deni likisamehewa kwa dola 600 au zaidi, benki huiarifu mamlaka ya kodi, na kiasi kilichosamehewa kinaweza kuhesabiwa kuwa pato lako la mwaka huo, ingawa mtu ambaye madeni yake yalizidi mali zake anaweza kuomba asitozwe. Je, yule aliyekupigia alikueleza habari ya kodi? Kama hakukueleza, alikunyima jambo ulilopaswa kulijua kabla ya kusaini.

Habari njema ni kwamba pesa yako haijapotea. Tangu Oktoba 2010, kanuni za Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, zinazikataza kampuni zinazouza huduma hii kwa simu kuchukua ada yoyote kabla hazijafanikisha makubaliano ya angalau deni moja nawe ukaanza kuyalipa. Pesa iliyomo kwenye ile akaunti maalumu ni mali yako. Una haki ya kujitoa bila adhabu na kurudishiwa salio lako ndani ya siku saba za kazi. Waandikie wiki hii, kwa barua pepe na kwa barua ya posta yenye stakabadhi, useme kwamba unajitoa na unataka salio lako lote, na uifute ruhusa uliyowapa ya kukata pesa kwenye akaunti yako ya benki. Wakikujibu kwamba dola 410 zimeliwa na ada ya kufungua faili, wapelekee malalamiko FTC na ofisi ya mwanasheria mkuu wa Texas. Kisha lipa kiwango cha chini cha kila kadi mwezi huu ukiweza, kwa sababu mpango wa ushauri huanza vizuri zaidi kwa mtu ambaye hajachelewa sana.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa kuhusu ushauri wa madeni wenyewe. Mume wako ana hoja ya kweli ndani ya shaka yake. Mwaka 2003 FTC iliishtaki AmeriDebt, shirika la Maryland lililojitangaza kuwa halitafuti faida, kwa madai kwamba lilikuwa likichukua malipo ya kwanza ya wateja kama ada huku wateja wakiamini pesa hiyo imekwenda kwa wanaowadai. Shirika hilo lilifungwa, na katika miaka iliyofuata mamlaka ya kodi ilivikagua vituo vingi na kuvinyang'anya baadhi yake hadhi ya kutotozwa kodi. Kwa hiyo neno “lisilo la faida” pekee halitoshi. Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi ni kwamba vituo vingi hupokea mchango kutoka kwa benki zenyewe, ambazo hufaidika mteja akilipa badala ya kufilisika, yaani kuiomba mahakama imfutie madeni. Sioni ubaya katika hilo endapo mshauri analisema wazi, ila linaeleza kwa nini washauri wengine hawana haraka ya kumtajia mtu habari ya kufilisika hata pale inapomfaa.

Je, wanaopitia ushauri hupata nafuu kuliko wasioupitia? Swali hili ni gumu kulijibu, kwa kuwa anayeamua kutafuta msaada huenda angejitahidi hata bila msaada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walijaribu kulivuka tatizo hilo kwa kuwalinganisha wateja wa vituo vya NFCC, muungano wa mashirika ya ushauri ulioanzishwa mwaka 1951, na watu wa hali inayokaribiana nao ambao hawakupata ushauri, wakakuta kwamba wateja walipunguza deni la kadi zaidi. Naupokea ushahidi huo kwa uzito wake. Hata hivyo miaka mitano ni mirefu, na si kila anayeanza mpango huumaliza.

Wanaoanguka njiani ndio ninaowafikiria ninapokujibu, kwa sababu nimepokea barua za wengi kama wewe, na kwetu sisi sababu mara nyingi ni ile ile. Mtu anakwenda kwa mshauri na kumtajia kodi ya nyumba, umeme, chakula na mafuta ya gari. Pesa ya nyumbani anaificha, ama kwa aibu ama kwa hofu ya kuambiwa aache, kadhalika michango. Mshauri anatengeneza bajeti nzuri ya mtu ambaye hana mama Tanga wala marehemu kaka aliyeacha watoto. Mwezi wa kwanza mpango unakwenda, wa pili unakwenda, wa tatu shule zinafunguliwa au msiba unatokea, na malipo yanakosekana. Kukosa malipo kunaweza kuzifanya benki ziondoe riba ile ndogo. Kisha mtu huyo anawaambia wenzake kwamba ushauri wa madeni haufanyi kazi, na kwa kweli kwake haukufanya, kwa sababu bajeti ilikuwa ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, mwanangu, zitaje dola 350 mwanzoni kabisa, kabla hujaulizwa. Sema ni dawa za mama mgonjwa na ada za yatima. Mshauri hana mamlaka ya kukukataza kutuma, kazi yake ni kukuonyesha kama hesabu inatosha. Mshauri mzuri ataliandika jambo hilo kama matumizi ya lazima na kuuliza kama kiasi kinaweza kubadilika. Akikujibu kwa dharau, au akasema hayo si matumizi halali, kata simu utafute kituo kingine. Ukilinganisha dola 610 za leo na 410 za mpango, kuna nafasi ya dola 200. Ningependa ihudumie sehemu mbili: saa za ziada za mume wako zilizokatwa, na akiba ndogo ya msiba, hata dola 50 kwa mwezi, iliyowekwa mbali na matumizi ya kila siku. Kadi zilizomo kwenye mpango hufungwa na hutaweza kufungua nyingine kirahisi, na siku simu ya usiku itakapoita kutoka nyumbani hutakuwa na kadi ya kukimbilia.

Kuhusu michango ya WhatsApp, chagua kiasi kimoja cha mwezi mzima. Kikiisha, kimeisha. Najua lile la orodha ya jioni linauma, na nadhani viongozi wa jumuiya zetu huko ughaibuni wangefanya wema mkubwa kama wangeacha kubandika majina, kwa kuwa wengi wanaochanga pale wanachanga kwa kadi yenye riba ya asilimia 29.

Kituo ukitafute hivi. Angalia kama ni mwanachama wa NFCC, na kama kimesajiliwa na ofisi ya Texas inayosimamia mikopo ya watumiaji, OCCC, kwa kuwa sheria ya jimbo inavitaka vituo vya kusimamia madeni visajiliwe huko. Waulize ada ni kiasi gani na kama wanaisamehe kwa wenye kipato kidogo, malipo ya kwanza yatafika kwa benki tarehe gani, nani mwingine anawalipa, na ni kadi zipi hazitaingia. Mkopo wa gari hauingii katika mpango huu, hivyo uendelee kuulipa mwenyewe. Usiache kulipa kadi yoyote mpaka benki ithibitishe kwamba imekubali mpango, na katika miezi ya kwanza fungua taarifa ya kila kadi uhakikishe kwamba pesa imefika na riba imeshuka kweli. Kama Kiingereza cha fedha kinakuchosha, omba mkalimani. Mtoto wako asikutafsirie mazungumzo hayo.

Linabaki la mume wako na kadi ya nne. Sitalizunguka. Mshauri atahitaji picha ya nyumba nzima, na mpango wenye kadi tatu wakati zipo nne utavunjika, tena utavunjika mbele ya mume wako, kwa barua ya benki itakayofika siku asiyoitarajia. Mwambie kabla ya kupiga simu. Mwambie ilikuwa upasuaji wa mama, na umwonyeshe taarifa yenyewe. Atakasirika, ana haki ya kukasirika kwa kufichwa, lakini mtu anayeogopa kwamba mnaibiwa na kila anayepiga simu anastahili kujua deni lenu ni kiasi gani. Kisha mketi wawili kwenye simu na mshauri, naye aulize maswali yake yote makali. Mashaka yake yatawasaidia hapo.

Inawezekana pia hesabu ikakataa. Mshauri akikuonyesha kwamba baada ya kodi ya nyumba, chakula na dola 350 hamwezi kupata hata hizo 410 bila kukopa upya, usijilazimishe kuingia kwenye mpango. Hapo mtafute mwanasheria wa kufilisika, au ofisi ya msaada wa kisheria kama kipato chenu kinaruhusu. Tangu mwaka 2005 sheria inamtaka mtu binafsi apate ushauri kwa kituo kilichoidhinishwa ndani ya siku 180 kabla ya kuwasilisha maombi mahakamani, kwa hiyo waulize kama kituo chenu kimeidhinishwa kwa kazi hiyo. Kufilisika kunabaki kwenye kumbukumbu za mkopo hadi miaka 10, na si jambo dogo, lakini kwa familia ambayo kipato hakitoshi ni afadhali kuliko miaka mitano ya mpango usiowezekana.

Texas ina kinga moja ambayo majimbo mengi hayana: anayekudai deni la kadi hawezi kuagiza mwajiri wako akate mshahara wako. Kinga hiyo hukoma mshahara ukishaingia benki, kwa kuwa mdai aliyeshinda kesi anaweza kuomba akaunti yako izuiwe. Ndiyo maana, ikiwa karatasi za mahakama zitaletwa mlangoni wakati unaendelea kujitoa kwa ile kampuni, usiziweke kabatini. Katika mahakama ndogo za jimbo lako una siku 14 tu za kujibu kwa maandishi, na asiyejibu huhukumiwa bila kusikilizwa hata kama kiasi kilichoandikwa si sahihi.

Shangazi